Valet de chambre: kazi, cheo na matumizi ya jina

Mwenyekiti wa kikao, walimu wa Kifaransa, vijana mnaosomea kazi za hoteli, ndugu wafasiri, asanteni kwa kufika.

Mada ya leo ni jina moja la kazi, valet de chambre. Kamusi nyingi hulimaliza kwa kusema "mtumishi wa kiume", zikapita. Aliyeishia hapo atapotea mara nyingi. Atasoma kwamba mchoraji Jan van Eyck aliteuliwa mwaka 1425 kuwa valet de chambre wa Philippe le Bon, mtawala wa Burgundy, naye aandike kwamba mchoraji yule alikuwa boi wa nyumbani. Ataona tangazo la kazi la hoteli ya Paris, adhani wanamtafuta mtu wa kumvisha tajiri koti. Atamsikia mwanasiasa akimwita mwenzake valet wa mabeberu, atafsiri "mtumishi", na ukali wote wa tusi lile upotee.

Shikeni jambo moja, mengine yatafuata: uzito wa jina hili umebebwa na chambre, yaani chumba. Valet peke yake ni mtumishi yeyote wa kiume. Akiongezewa chumba anakuwa mtu anayeingia anapolala bwana, anayemwona kabla hajavaa, anayejua dawa anazokunywa na barua anazoficha. Ukaribu huo ndio uliolipa jina hili heshima katika karne fulani na mashaka katika karne nyingine.

Tuanze na umbo lake. Kwa Kifaransa herufi t ya mwisho haitamkwi, husomwa "vale". Waingereza waliolichukua neno hili zamani waliitamka t, na wengi wao huitamka hadi leo. Wingi ni valets de chambre. Chambre haiongezwi s, kwa kuwa kinachohesabiwa ni watu. Mwanamke mwenye kazi hiyo ni femme de chambre. Wapo wanaojitungia "valette" kwa kudhani kila jina la kazi lina jike lake; Mfaransa hatawaelewa.

Asili yake ni vaslet ya Kifaransa cha kale, yaani kibaraka mdogo kwa maana ya zamani: kijana aliye chini ya bwana mkubwa. Katika Zama za Kati kijana huyo mara nyingi alikuwa mtoto wa ukoo bora, aliyepelekwa katika nyumba ya mkubwa ajifunze silaha na adabu. Kwa hiyo mkikutana na valet katika maandishi ya wakati huo, msikimbilie kumweka jikoni. Huenda ni mtoto wa mwenye ngome.

Ndani ya nyumba kubwa ya Kifaransa majina yaligawanyika kwa kazi. Valet de pied alivaa sare, alifungua milango, alisimama nyuma ya gari la farasi na kubeba sahani. Laquais ni jamaa yake wa karibu. Maître d'hôtel alisimamia meza na vyakula. Majordome alisimamia nyumba nzima na watumishi wake. Valet de chambre alimhudumia mtu mmoja: nguo zake, ndevu zake, kitanda chake, safari zake. Kwa kawaida hakuvaa sare, alivaa kama raia mwenye heshima, mara nyingine kwa nguo alizoachiwa na bwana wake. Ukimwona mtumishi mwenye kifungo cha dhahabu na soksi nyeupe katika picha ya karne ya 18, huyo ni valet de pied, na mfasiri akiwachanganya wawili hawa amevuruga ngazi nzima ya nyumba.

Mahali jina hili lilipofika kileleni ni Versailles, ikulu ya wafalme wa Ufaransa karibu na Paris, na hapo inafaa tukae kidogo.

Mfalme Louis XIV alikuwa na wanne walioitwa premiers valets de chambre, wakuu wa kazi, waliopokezana kila mmoja miezi mitatu kwa mwaka. Aliye zamu alilala ndani ya chumba cha mfalme, kwenye kitanda cha kukunja karibu na miguu ya kitanda cha mfalme. Asubuhi, saa mbili na nusu, alimwamsha kwa maneno ya kumjulisha kwamba saa imefika. Ndipo wakaingia madaktari, kisha wakubwa, kundi baada ya kundi, kila kundi kwa haki yake ya kuingia. Mfalme alipovishwa shati, aliyelikabidhi alikuwa mtu wa cheo cha juu kuliko wote waliokuwepo, mwana wa mfalme ikiwezekana. Mkuu wa valets de chambre alishika mkono wa kulia wa shati, mwenzake wa idara ya mavazi akashika wa kushoto. Idara hizo mbili, ya chumba na ya mavazi, zilikuwa mbalimbali, kila moja na wakuu wake, na mfasiri anayeziunganisha kuwa "watumishi wa mfalme" anaufuta mpaka ambao wenyewe waliulinda kwa wivu.

Maarufu kuliko wote ni Alexandre Bontemps, aliyefariki mwaka 1701. Huyu alikuwa pia msimamizi wa Versailles. Aliyetaka neno lifike sikioni mwa mfalme bila kupita kwa mawaziri alimtafuta yeye. Hakuwa mkubwa kwa ukoo, lakini wenye ukoo walimwinamia, kwa sababu mlango ulikuwa mkononi mwake.

Nafasi za namna hii zilinunuliwa na kurithiwa. Baba yake Molière, yule mwandishi wa michezo ya kuigiza, alikuwa fundi wa mapambo ya vyumba na valet de chambre wa mfalme, cheo alichokipata kwa nduguye mwaka 1631. Mafundi hao walikuwa wanane, wawili kwa kila robo ya mwaka, na walilipwa livre 300, fedha ya Ufaransa ya wakati huo. Walisaidia kutandika kitanda cha mfalme na kutunza samani zake anapohama. Molière aliapishwa mwaka 1637 kama mrithi wa cheo, akakiachia baadaye alipoifuata sanaa ya maigizo, kisha akakirudia nduguye alipofariki mwaka 1660, akabaki nacho hadi kifo chake mwaka 1673. Kwa hiyo mwandishi aliyewachora watumishi wajanja jukwaani alikuwa na haki ya kushika shuka la mfalme, na alikuwa akiitumia.

Kwa Van Eyck hali ilikuwa nyingine. Kwake cheo kilikuwa njia ya kumwingiza msanii katika hesabu za nyumba ya mtawala: mshahara wa kudumu, ulinzi, uhuru mbele ya vyama vya mafundi vya mjini. Mwaka 1428 alipelekwa Ureno na ujumbe uliokwenda kumposea Philippe binti wa mfalme. Mshairi Clément Marot naye alibeba cheo hicho kwa Mfalme François I. Katika habari kama hizi acheni jina la Kifaransa lilivyo, kisha mweleze kwa sentensi moja kwamba ni cheo cha heshima cha ikulu. Msilitafute neno moja la Kiswahili la kulibeba, litawadanganya wasomaji.

Ukaribu ule ulionekana zaidi bwana alipoanguka. Jean-Baptiste Cléry alimhudumia Louis XVI katika gereza la Temple mjini Paris hadi siku mfalme alipopelekwa kuuawa, tarehe 21 Januari 1793. Asubuhi ile mfalme alimkabidhi muhuri ampelekee mwanawe, na pete ya ndoa ampelekee malkia. Louis Marchand alimfuata Napoléon hadi kisiwa cha Saint Helena, akakaa naye kuanzia mwaka 1815 hadi kifo cha mwaka 1821. Alimnyoa, alimsomea, aliandika aliyoambiwa, alimuuguza. Katika wosia Napoléon alimwachia faranga 400,000, akaandika kwamba huduma alizomfanyia ni za rafiki, tena akamweka awe mmoja wa watekelezaji wa wosia pamoja na majenerali wawili. Wafaransa wana msemo kwamba hakuna shujaa mbele ya valet de chambre wake, maana anayekuona bila viatu haoni ukuu. Maisha ya Marchand yanaupinga msemo huo waziwazi: alimwona mtu yule katika udhaifu wote wa ugonjwa, na mwaka 1840 alisafiri tena hadi kisiwani kuurudisha mwili wake Ufaransa.

Sheria ilimtazama mtumishi kwa jicho jingine. Katiba ya Ufaransa ya mwaka 1791 ilimnyima haki za raia mpiga kura yeyote aliye katika utumishi wa nyumbani kwa ujira. Hoja yao ilikuwa kwamba anayekula kwa bwana atapiga kura ya bwana. Tamko la mwaka 1793 likageuka: sheria haiutambui utumishi wa nyumbani, inatambua mapatano tu kati ya afanyaye kazi na anayemwajiri. Lakini katiba ya mwaka 1793 iliyobeba tamko hilo haikupata kutumika. Kisha sheria ya madai ya mwaka 1804, kifungu cha 1781, ikaweka kwamba katika mgogoro wa mshahara bwana huaminiwa kwa kauli yake. Mtumishi akidai hajalipwa na bwana akasema amelipa, kesi imekwisha. Kifungu hicho kilidumu hadi mwaka 1868. Miaka 64 ya watu kupoteza mishahara yao kwa neno la upande mmoja si jambo la kupita bila kulitaja, hasa tunapowasifu wachache waliopata urafiki wa wafalme.

Sasa kazi yenyewe. Wengi hudhani haikuhitaji ujuzi. Ngoja tuipitie, kwa sababu vijana wa hoteli mtaitumia kesho.

Koti la sufu likivuliwa, mifuko humwagwa kwanza, kwa kuwa uzito wa funguo huvuta kitambaa na kukilegeza. Hutundikwa kwenye hanga pana mabegani. Hanga la waya huacha vijinundu vya mabega visivyotoka. Haliingizwi kabatini mara moja, huachwa lipunge hewa usiku kucha ili jasho likauke, kwani unyevu uliofungiwa huleta harufu na kuvu. Brashi hupigwa kutoka juu kwenda chini, kwa kufuata malazi ya nyuzi. Vumbi likiachwa hukata nyuzi polepole, na hapo ndipo kola huchakaa kabla ya koti.

Pasi haigusi sufu moja kwa moja. Huwekwa kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati, kisha pasi hushushwa, hubanwa, huinuliwa, haiburutwi. Ukiiburuta unavuta kitambaa nje ya umbo lake, na ukiigusisha moja kwa moja nyuzi hulala zikang'aa, mng'ao ambao haufutiki kirahisi. Nguo huachwa ipoe kabla ya kutundikwa, maana sufu hushika umbo inapopoa. Anayeitundika ikiwa moto hupata mikunjo mipya papo hapo, halafu huilaumu pasi.

Viatu vya ngozi hupewa siku nzima ya kupumzika baada ya kuvaliwa, vikiwa na kalibu ya mbao ndani. Vikilowa hujazwa karatasi, na karatasi hubadilishwa kila inapolowa. Visiwekwe karibu na moto wala juani: ngozi iliyokaushwa kwa haraka hukakamaa na kupasuka pale inapojikunja. Dawa ya viatu hupakwa nyembamba, huachwa kama dakika kumi, ndipo hupigwa brashi. Tabaka nene halileti mng'ao, linaziba na kukamata vumbi.

Wembe wa kukunja ulipitishwa kwenye mkanda wa ngozi mgongo ukitangulia. Ukitanguliza makali unaukata mkanda na kuuharibu wembe kwa pamoja. Nta ya mshumaa ikidondokea nguo iliachwa igande, ikabanduliwa kwa upande butu wa kisu, kisha nguo ikawekwa kati ya karatasi mbili za kunyonya na kupitishiwa pasi ya vuguvugu. Nta huhamia kwenye karatasi. Pasi ikiwa kali huisukuma ndani zaidi.

Kufunga mizigo ni ujuzi peke yake. Vizito, yaani viatu ndani ya mifuko yao, hukaa upande utakaokuwa chini sanduku likisimama. Koti hukunjwa juu ya karatasi laini, kwa sababu alama ya mkunjo hutokana na ukali wa pembe. Pembe ikijazwa, alama haitokei.

Mtu wa ujuzi huo alikuwa ghali, na serikali ya Uingereza iliona hapo pana kodi. Mwaka 1777, ikitafuta fedha za vita vya Marekani, iliweka kodi ya gini moja, sarafu ya dhahabu ya Kiingereza, kwa kila mtumishi wa kiume. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1937. Kuwa na mwanamume nyumbani wa kukutunza kulihesabiwa kuwa anasa.

Leo jina hili linaishi hasa hotelini. Katika hoteli za Ufaransa valet de chambre ni mwanamume anayesafisha na kuandaa vyumba, kazi ile ile ya femme de chambre. Jina lisilobagua ni employé d'étage kwa mwanamume, employée d'étage kwa mwanamke, na msimamizi wao ni gouvernante. Mwenye kuhamisha magodoro na kubeba mashuka ya sakafu nzima huitwa équipier. Ukiandika wasifu wa kazi kwenda huko, chagua jina la kazi uliyoifanya kweli, maana mwajiri atakuuliza kwa undani.

Atakuuliza tofauti ya chumba à blanc na recouche. À blanc ni chumba ambacho mgeni ameondoka: mashuka yote hutolewa, droo zote hufunguliwa, chini ya kitanda na ndani ya kasha la fedha huangaliwa. Recouche ni chumba ambacho mgeni bado anakaa. Hapo hatari ni kutupa. Kilichomo kwenye ndoo ya taka ni taka. Kikaratasi kilicho mezani, hata kikiwa kimekunjwa na kuchanika, si chako kukiamua. Malalamiko mengi ya wageni huanzia hapo.

Mpangilio wa kazi una sababu zake. Gonga, subiri, gonga tena, ndipo ufungue. Fungua dirisha. Toa mashuka na taka. Nyunyiza dawa bafuni mapema, kisha uende kutandika. Dawa ya kuondoa chokaa huhitaji muda wa kulainisha, na anayenyunyiza na kufuta papo hapo anafanya kazi mara mbili. Tandika kabla ya kufuta vumbi, kwa sababu mashuka yakikung'utwa hutoa nyuzi zinazotua kila mahali. Futa kutoka juu kwenda chini. Vitambaa vya choo viwe na rangi yake, visikaribie glasi kamwe. Sakafu iwe ya mwisho, kutoka dirishani kurudi mlangoni, usiache nyayo zako. Jioni, katika hoteli za juu, kuna huduma iitwayo couverture: pazia hufungwa, tandiko la juu huondolewa, pembe ya shuka hukunjwa upande anaolala mgeni, taa ya kando huwashwa.

Tahadhari kwa wanaotoka kwenye Kiingereza: mtu anayepokea gari la mgeni na kuliegesha, Mfaransa humwita voiturier. Ukienda Lyon ukamwulizia valet akuegeshee gari, utaletewa mtu wa vyumba.

Neno limeingia pia kwenye vitu. Valet de nuit ni kiango cha kusimama chumbani, chenye mabega ya koti na upau wa suruali, kwa nguo za kesho. Kwa maseremala, valet d'établi ni chuma chenye shina na mkono uliopinda, kinachotumbukizwa kwenye tundu la meza ya kazi. Ukikigonga juu kwa nyundo ya mbao, shina hukwama kiupandeupande ndani ya tundu na mkono hubana ubao. Ukigonga nyuma ya shina, kinaachia. Tundu likiwa pana mno, au shina likiwa laini na lenye mafuta, hakishiki, kwa kuwa nguvu yake yote ni msuguano. Katika karata za Kifaransa herufi V ni valet, chini ya malkia na mfalme. Katika mchezo wa belote valet wa kawaida ana pointi 2, lakini valet wa turufu ana 20 na hupiga karata zote, ree na mfalme wakiwemo.

Katika siasa valet ni tusi. Valet wa ubeberu ni mtu aliyeuza uamuzi wake kwa mkubwa wa nje, na hapa Kiswahili kina neno lililokomaa: kibaraka. Litumieni bila woga.

Nimalizie na Kongo, Rwanda na Burundi, ambako Kifaransa na Kiswahili vilikutana nyumbani kwa wakoloni. Mle jina la kawaida halikuwa valet de chambre. Lilikuwa boy, na banda la watumishi nyuma ya nyumba likaitwa boyerie. Mtu aliyepiga pasi suti, aliyeng'arisha viatu, aliyefunga masanduku ya safari, alifanya kazi ya valet de chambre sehemu kwa sehemu, lakini Mzungu wa Paris aliitwa kwa jina la ufundi wake na Mkongo mzima mwenye wajukuu aliitwa mvulana. Mfasiri wa barua, hesabu na ripoti za wakati ule asimpambe boy kwa jina zuri ambalo hakupewa. Aandike boi, msomaji aone alivyoitwa. Kwenye mikataba na sheria za sasa, istilahi ni travailleur domestique, kama ilivyo katika Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, na Kiswahili chake ni mfanyakazi wa nyumbani.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali.